Betri za Tochi na Damu ya Bumbire

Maabara niliyoanzia kazi mjini Bukoba, mwaka 1976, ilinuka siki. Ukifungua mlango asubuhi siki ndiyo iliyokupokea, nyuma yake toluini, kali ya kupanda puani, na upepo ukivuma kutoka upande wa kiwandani, kahawa ya TANICA ikikaangwa. Wageni walidhani tunapika achari mle ndani. Wewe, mjukuu wangu, umezoea maabara zinazonuka spiriti na plastiki, kwa hiyo naona nikuanzishie hapo, maana kazi yetu yote ilipitia kwenye ile siki. Tulikuwa tukiosha nayo vipande vya selulosi asiteti, karatasi laini nyembamba iliyokwisha kupakwa rangi nyekundu. Asidi ile iliondoa wekundu wote uliozidi, ukabaki mstari mmoja au miwili tu, na katika mistari hiyo tukasoma kama mtoto ana selimundu, ugonjwa ambao ninyi vijana mnauita siko seli. Nilipokea shilingi 600 na kitu kwa mwezi, wakati mkungu mzuri wa ndizi sokoni haukuzidi shilingi 8 na soda ilikuwa shilingi moja, nami nilijiona mtu mkubwa.

Mimi ni mtu wa Bumbire, na wewe kisiwa hicho unakijua kwa kwenda kuzika na kuoza tu. Mawe juu, nyasi katikati, migomba mabondeni, na chini mwaloni dagaa wameanikwa juu ya mchanga, wakinukia vizuri siku ya jua na vibaya siku ya mvua. Enzi hizo furu walikuwa bado wengi, sangara hajawamaliza. Wazungu walitusikia kwa Stanley, mpelelezi wao, aliyegombana na watu wetu Aprili 1875, akarudi Agosti mwaka huohuo na bunduki, akawapiga risasi waliosimama ufukweni, yeye akiwa salama majini, kisha akayaandikia magazeti ya London na New York jinsi alivyotukomesha. Huko kwao baadhi walimlaumu sana. Babu zetu habari hizo waliziona makaburini. Lakini kisiwa kilikuwa na makaburi mengine, madogo, ambayo hayakuandikwa na mtu. Watoto wa namna fulani walijulikana mapema kabla hata hawajatembea: viganja na nyayo zikavimba, macho yakawa ya manjano, na usiku wa mvua na baridi wakalia mpaka sauti ikakauka. Wengi hawakuliona darasa la kwanza. Kila ukoo ulikuwa na maelezo yake, na mengi yaliishia kwenye mlango wa kikongwe fulani asiye na mtu wa kumtetea.

Kazi niliisomea Dar es Salaam. Mwalimu wetu wa kemia ya damu alikuwa Mgoa mwembamba, suruali kaifunga juu ya kitovu, kalamu tatu mfukoni na zote zinavuja, mtu asiyependa kueleza neno kabla hujaliona kwa macho. Siku moja alichukua mrija wa kioo uliopinda mithili ya herufi U, akashindilia udongo wa mfinyanzi kwenye kona ya chini, akajaza maji pande zote mbili yakalingana. Akavunja betri za National zilizokufa, akatoa vile vijiti vyeusi vya kaboni, akatumbukiza kimoja kila upande, akaunganisha na mashine yetu ya umeme, volti 100 na ushei. Tukaenda kunywa chai na mandazi. Tuliporudi, maji ya upande wa hasi yalikuwa yamepanda kiasi cha upana wa kidole. Ya upande wa chanya yalikuwa yameshuka na kuchafuka, maana chembe za udongo zilikuwa zikielea kuelekea huko. Pampu haikuwapo, wala hakuna aliyepuliza. Mgoa akageuza nyaya bila kusema kitu, tukakaa pale tukiyatazama maji yakirudi yalikotoka. Ndipo akatuambia kwamba jambo hilo aliliona Ferdinand Reuss huko Moscow na kulichapisha mwaka 1809, miaka mitatu kabla Napoleon hajauingia mji ule. Kwamba Helmholtz, Mjerumani, alilitolea hesabu mwaka 1879, na Smoluchowski, Mpoland, akainyoosha hesabu hiyo mwaka 1903. Wenzangu waliandika majina na tarehe, kwa sababu ndiyo yaliyoulizwa kwenye mtihani. Mimi sikuyaondoa macho kwenye mrija.

Siri iko ukutani. Udongo, kioo au karatasi, vikikutana na maji, uso wake hubaki na chaji hasi. Chumvi iliyoyeyuka humo imegawanyika katika ioni chanya na hasi, na zile chanya huvutwa zikajipanga kandokando ya ukuta, tabaka jembamba la nanomita moja, mbili, tatu. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Unywele wako mmoja una upana wa kama 80,000. Sasa washa umeme: ioni zile za ukutani hukimbilia upande wa hasi, na kwa kuwa maji yamezishikilia, yanaburutwa pamoja nazo. Umewahi kupanda meli pale Bukoba siku za Krismasi, ukaona jinsi waliobanana kando ya ukuta wakianza kusogea, hata wewe uliye katikati unajikuta umefika mlangoni bila kuinua mguu. Kwenye bomba pana la nyumbani nguvu hii si kitu. Lakini anza kuifinya njia. Ukipunguza upana wa mrija kwa nusu, maji yanayopita kwa kusukumwa na pampu ileile hupungua mara 16, na ukifika kwenye vinjia vya nanomita pampu haina lake tena. Umeme haubabaishwi sana na wembamba, kwa sababu unaanzia kuvuta kwenye ukuta wenyewe, na njia ikiwa finyu ukuta ndio mwingi kuliko kitu kingine. Hali hiyo huendelea mpaka njia iwe finyu kiasi kwamba matabaka ya kuta mbili yanakutana katikati. Hapo vinjia huanza kuchagua ioni ipi ipite na ipi izuiwe, na elimu hiyo ilinifikia mimi nimeshastaafu. Mgoa angeifurahia.

Kwenye karatasi yetu, basi, kulikuwa na safari mbili kwa wakati mmoja, na mpimaji asiyelijua hilo husoma uongo kwa moyo mweupe. Himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, katika bafa, maji yenye chumvi za kudhibiti uchachu, ya pH 8.4, huwa na chaji hasi, kwa hiyo inakwenda upande wa chanya. Maji yaliyomo katika matundu ya karatasi yanakwenda upande wa hasi. Kila mstari uliousoma ulikuwa umevutwa huku na kurudishwa kule. Katika kipimo cha protini za majimaji ya damu hali hiyo ilionekana waziwazi: gamaglobulini, zenye chaji hasi kidogo tu, tulizikuta nyuma ya pale tulipoziweka, zimezidiwa nguvu na maji. Mwanafunzi mgeni aliapa kwamba kafunga nyaya kinyume.

Tofauti tuliyoitafuta sisi ilikuwa ndogo ajabu. Himoglobini ya kawaida, iitwayo A, na ile ya selimundu, S, zinapishana mahali pamoja tu katika mnyororo wa beta, nafasi ya sita: palipokuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini. Glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Kwa hiyo ukiziwashia umeme pamoja, A hutangulia na S hubaki nyuma yake, milimita chache. Linus Pauling na wenzake, huko California, walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini hizi mbili hazitembei sawa kwenye umeme, na mwaka 1956 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, akaonyesha kwamba tofauti ni kipande kimoja tu cha mnyororo. Katikati yao yupo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliyechapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba aliyerithi S kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana S imejaa pwani na kandokando ya ziwa letu. Mbu ndiye aliyeitunza. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayelipa.

Oktoba 1978 ndege za Idi Amin wa Uganda ziliangusha mabomu Bukoba. Mwisho wa mwezi askari wake wakavuka mpaka, wakachukua nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere alivyohutubia, jeshi lilivyojipanga na Kampala ilivyoanguka Aprili iliyofuata, hayo utayasoma. Ninachokumbuka mimi ni stendi: magodoro, mbuzi, cherehani, bibi mmoja kakumbatia saa ya ukutani. Mkuu wetu wa maabara, mzee mnene mwenye upara uliokuwa unatoka jasho hata asubuhi, alinikabidhi ile mashine ya umeme imeviringishwa kwenye blanketi, chupa ya unga wa bafa na pakiti ya karatasi za kuchujia za Whatman. "Nenda nayo kwenu," akasema, "hapa wakifika wataivunja wakidhani ni redio ya kijeshi." Kutoka Kemondo nauli ya mtumbwi ilikuwa shilingi 3. Siku ile mwenye mtumbwi alitaka 20 na hakuna aliyebishana naye. Basi mashine ikafika mahali palipoihitaji kuliko pote katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ikasukumwa chini ya kitanda cha mama yangu, haina kazi. Bumbire hapakuwa na waya hata mmoja wa umeme.

Hapo ndipo anapoingia shangazi yangu, yule uliyezoea kumwita Bibi Mkubwa. Wewe ulimkuta amekwisha kupinda mgongo, lakini wakati ule alikuwa mwanamke mrefu, mwenye pengo la juu, kahawa ya kutafuna haimtoki shavuni, na sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Alikwishazika watoto watatu. Wa nne kuugua, wa kiume, alikuwa na umri wa kama miaka mitatu, na vidole vyake vilikuwa vimevimba vikang'aa. Alimketisha mbele yangu juu ya mkeka akasema, "Waitu, si wewe uliyekwenda kusomea damu? Isome hii." Nikamweleza habari ya mashine, kwamba inakula umeme wa mjini na kutoa volti 250. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema maganda ya kahawa, akauliza: umeme wa tochi si umeme?

Nilicheka, kisha usiku nikapiga hesabu. Betri moja ya tochi ni volti moja na nusu, na dukani, ilipokuwapo, iliuzwa shilingi moja na senti 50. Ili kufika volti 250 ningehitaji betri zaidi ya 160, na mwezi ule wa vita hata kumi usingezipata dukani. Lakini himoglobini haina haraka. Ukiipa msukumo mdogo itatembea polepole, ila usiiache muda mrefu mno, maana inasambaa kwenye karatasi na mistari miwili inageuka doa moja. Betri 30 zingenipa volti 45. Kwenye kipande kifupi cha Whatman, saa tano au sita zingetosha kuachanisha A na S. Bahati ilituangukia. Ilikuwa mbalamwezi, na dagaa hawavuliwi mbalamwezi. Karabai zilikuwa zimening'inizwa majumbani, na wavuvi wamelala na tochi zao chini ya mito. Shangazi alizunguka mwalo mzima na kapu. Sijui aliwaambia nini. Jioni alirudi na betri tele, nyingine mpya, nyingine zimeanza kutoa unyevu, na alijua kila moja ni ya nani, kwa mikwaruzo aliyoichora na ukucha wa kidole gumba.

Nilipasua mwanzi kwa urefu, nikazipanga ndani, kichwa kwa tako, nikakaza kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Bakuli mbili za kauri zikachukua bafa, niliyoikoroga kwa maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa, maana maji ya ziwa yana chumvi zake ambazo sikuzijua. Juu ya bakuli nikalaza kipande cha kioo, juu ya kioo ukanda wa karatasi uliolowa, ncha zake zikiwa ndani ya bafa kila upande, kisha nikaufunika kwa kioo cha picha ya harusi ya wazazi wangu ili usikauke. Vijiti vya kaboni vilitoka kwenye betri zilizokufa, kama alivyotufundisha Mgoa. Nikapaka damu kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa, madoa matatu kwa safu moja: la mtoto, la shangazi, na langu. Langu liliwekwa kwa makusudi. Tangu chuoni nilijua kwamba mimi ni AS, ninabeba zote mbili, kwa hiyo damu yangu ndiyo iliyokuwa ramani. Karatasi ya Whatman ina maji yanayorudi nyuma kwa nguvu kuliko ile selulosi asiteti ya Bukoba. Madoa yote yangekaa mahali nisipopazoea, na mtu angeyatazama peke yake bila cha kulinganisha angesema lolote. Nilipofunga waya wa mwisho, viputo vidogo vikaanza kupanda kwenye vijiti. Chumba kilinuka mafuta ya taa, dagaa na jasho la watu waliojaa mlangoni. Shangazi hakutoka. Alikaa na mtoto mapajani, akitafuna kahawa.

Alfajiri nilifunua kioo. Himoglobini ina rangi yake mwenyewe, kwa hiyo hapakuhitajika rangi wala siki. Nilikausha karatasi juu ya moto na madoa yakabaki, kahawia, yamevimba kando. Mistari mizuri haikuwa. Yote yalisogea kidogo kuliko yangesogea Bukoba, maji yalikuwa yameyavuta nyuma. Lakini doa langu lilikuwa limepasuka mara mbili, A mbele na S nyuma. La shangazi vilevile. La mtoto lilikuwa moja tu, na lilikuwa limesimama sawasawa na lile langu la nyuma. Niliwaonyesha kwa ncha ya kijiti, waliona wote, hata asiyejua kusoma aliona. Mjomba wangu, mume wa shangazi, aliyekuwa amekataa katakata kutobolewa kidole, akaja jioni akaomba apimwe usiku huo. Hakuja kwa kupenda elimu. Ndugu zake walikuwa wameshaanza kusema kwamba ubovu umetoka kwa mke, na aliona afadhali ajue. Betri zikaazimwa tena. Doa lake nalo likapasuka mara mbili. Shangazi alimtazama, hakumtazama kwa hasira, akasema, "Kumbe tulipeana." Tangu siku ile sikusikia tena yule kikongwe wa juu kilimani akitajwa katika nyumba hiyo, ingawa katika nyumba nyingine alitajwa mpaka alipokufa.

Kisha mjomba akauliza kile ambacho kila mzazi huuliza: dawa yake ni ipi? Sikuwa nayo, wala daktari wa Bukoba hakuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni vidonge vya foliki, klorokwini ya kuzuia malaria na penisilini tulipoipata, na shauri la kumpa mtoto maji mengi na kumkinga na baridi. Huko Pasadena, kwa Pauling, walijua tofauti ya chaji ya himoglobini tangu mimi sijazaliwa, na mtoto wa Bumbire akapewa shauri la blanketi. Nakuambia hivi si kwa uchungu. Nataka ujue kwamba kusoma damu na kuitibu ni kazi mbili, na mara nyingi ya kwanza hufika miaka mingi kabla ya ya pili. Kijana yule alimaliza darasa la saba, alikuwa hodari wa hesabu, akafa mwaka uliofuata kwa homa ya mapafu.

Baada ya vita mkoa ukapewa jina la Kagera, mashine ikarudi mezani kwake Bukoba, na miaka ya themanini ikatukuta. Sabuni haikuwapo, sukari haikuwapo, na hizo selulosi asiteti zilizotakiwa kuagizwa kwa fedha za kigeni ndizo kabisa. Wakati Waziri Mkuu Sokoine anawasaka wahujumu uchumi mwaka 1983, sisi tulikuwa tunapima kwa tone la metabisalfaiti kwenye slaidi, linalonuka kiberiti kilichotoka kuwashwa. Seli zikijikunja unajua S imo. Kama ni ya mzazi mmoja au wawili hujui, yaani lile aliloliona shangazi kwa tochi za wavuvi, hospitali nyingi hazikuweza kulionyesha. Umeme wenyewe wa mji ulikuwa wa majenereta ya dizeli, ukikatika katikati ya kipimo unaanza upya au unamrudisha mgonjwa kwao. Sitaki kukaa sana hapo.

Siku hizi mambo yamekimbia. Mwaka 2020 wataalamu wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao walichapisha walichokisoma katika matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto zaidi ya 17,000 wa Kanda ya Ziwa, Kagera ikiwemo: mtoto mmoja katika kila watano amebeba S, na zaidi kidogo ya mmoja katika mia ana ugonjwa wenyewe. Walisoma kwa umeme, ndani ya jeli. Na kazi ya pili, ile ya kutibu, nayo imeanza kufika. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya dawa iitwayo haidroksiyurea kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, maumivu yamepungua, malaria imepungua, vifo vimepungua. Huko Cleveland, Marekani, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Case Western Reserve imezaa kifaa kiitwacho Gazelle, cha kubeba mkononi, kinachotumia betri, na ndani yake, nilipoona picha nilisimama, kuna kipande cha selulosi asiteti. Ileile. Jibu linatoka chini ya dakika 10. Na viko vidogo zaidi. Kuna kinachoitwa MinION, cha Oxford, ambacho ndani yake mna vijitundu vya protini vyenye upana wa nanomita moja hivi. Umeme unazisukuma ioni zipite, uzi wa DNA ukiingia tunduni mkondo unatikisika, na kompyuta inasoma mtikisiko huo herufi kwa herufi. Watafiti wa mihogo wa Tanzania, Uganda na Kenya walikipeleka mpaka shambani, wakakitambua kirusi wakiwa bado wamesimama kwenye matuta.

Ila usije ukadhani umbali umekwisha. Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Bukoba Vijijini. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, majirani zetu kabisa wa ziwani, wilaya moja nasi ya Muleba. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na uthibitisho wa kirusi ulifanyika Dar es Salaam, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1978 mashine ilikuwa imekuja kisiwani ikakosa umeme. Mwaka 2023 umeme wa jua umejaa juu ya mapaa ya Goziba, wavuvi wanavulia dagaa kwa taa zake, na mashine ndiyo iko mbali. Ukinisikia nikigombana na redio asubuhi, ujue ni habari za namna hiyo.

Shangazi aliishi mpaka akakiona kitukuu chake. Kilipozaliwa, mama yake alikipeleka kliniki Muleba, wakakitoboa kisigino, wakadondosha tone moja kwenye kijikipimo cha plastiki kinachofanana na kile cha malaria, na kabla hajamaliza kumvika mtoto soksi akaambiwa: AS, anabeba tu, haumwi. Nilikuwapo siku alipomweleza bibi yake. Shangazi aliuliza umeme ulitoka wapi. Nikamwambia hapana umeme, tone linajitambaza lenyewe kwenye kikaratasi, na kwamba kikionyesha shaka ndipo wanapeleka damu Mwanza ikasomwe kwa umeme. Alinyamaza akitafuna. Kahawa hakuacha hata meno yalipokwisha, alisagiwa. Kisha akasema kwamba kati ya betri zile, nne zilikuwa za Mzee fulani wa mwalo wa chini, zilirudi kwake zimekufa, na akadai shilingi sita mpaka anaingia kaburini, na kwamba mimi nilikuwa na mshahara wa serikali.

Nililipa. Nilimpelekea mwanawe elfu kumi, akauliza ni za nini.